Mapazia Yaliyofika Sakafuni

Siku mapazia mapya yalipotundikwa, lile la kushoto lilikuwa na mkunjo mmoja mnene kuliko mingine. Mama aliupiga kwa kiganja ili ulale. Haukulala. Ulikuwa na joto.

Wiki moja kabla, alikwenda na wifi yake kuyachagua. Binti yake wa miaka tisa alikuwa na miezi minne kaburini, na sebuleni bado yalining'inia yale mapazia mafupi ya zamani. Fundi aliwaonyesha ya ringi. Alivuta moja, ringi zikateleza kwenye bomba kwa mlio mmoja.

"Ringi lazima zigawanyike mbili mbili," alisema. "Hapo kingo zote zinageukia ukutani. Ukikaa ndani huoni upenyo hata wa sindano."

"Huyu anauza pazia au anaposa?" wifi alinong'ona.

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akachagua kitambaa kizito cha zambarau.

"Niache kidole kimoja juu ya sakafu?" fundi aliuliza. "Ndivyo tunavyofanya, lisizoe vumbi."

"Lishushe mpaka chini. Mwanangu anapenda kujificha nyuma ya pazia, na miguu ndiyo inayomsaliti."

Wifi aliacha kucheka. Fundi, asiyejua lolote, aliandika kipimo chake. "Basi mwambie nafasi yake iko tayari."

"Nitamwambia," mama alijibu.

Tangu siku yalipotundikwa, kila alasiri ringi zilisogea zenyewe, moja, kisha nyingine. Sebule ilinuka dawa ya hospitali na mafuta ya nywele, yale yale aliyompaka binti yake asubuhi ya mwisho. Mama hakuogopa. Alivuta kiti akakaa karibu.

Wifi alipokuja kumjulia hali, alisimama mlangoni, hakuingia.

"Wifi, yateremshe hayo."

"Ni mwanangu."

"Mwanao tulimwosha mimi na wewe, kwa mikono hii."

"Sema polepole. Atasikia."

Wifi aliondoka bila kuaga.

Lakini mama alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, wa miaka sita, waliyemwita Bwana Mdogo. Naye alianza kuingia nyuma ya pazia. Akitoka, mwili ulikuwa wa baridi, midomo imekauka, hataki chakula. Siku moja alimjia mama jikoni, akasema kwa furaha, "Dada kasema kesho ni zamu yangu kujificha. Huko kwake, kasema, mtu hapatikani."

Sufuria ilimponyoka mama. Jioni ile alimpeleka mtoto akalale kwa wifi, na kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, alimwita mwalimu wa madrasa, aliyetaka mtoto naye aletwe.

Mwalimu alilitazama pazia kwa muda mrefu.

"Mwanao yuko kwa Mola wake, hana haja ya pazia," alisema. "Huyu alisikia nafasi imetolewa, akaja kuikalia. Uliyemkaribisha ni wewe, na utakayemtoa ni wewe. Mimi nitasoma, wewe utazichomoa ringi kwenye bomba. Atakuita. Usiitike. Sauti ya mtu utakayoiitikia, umempa iwe yake."

Akamshika Bwana Mdogo mkono, akaanza kusoma.

Mama alipanda kwenye kiti, akachomoa ringi ya kwanza, na kitambaa kikaanza kupumua, kikivimba na kunywea taratibu kama kifua cha mgonjwa, na harufu ya dawa ikamjaa kooni, na kutoka ndani ya mkunjo ule mnene binti yake akasema kwa sauti ile ile ya kitandani, iliyochoka, "Mama, unanifukuza, na mimi bado naumwa?" Mama aliuma upindo wa ushungi wake mpaka meno yakakutana, machozi yakimtiririka shingoni, akachomoa ya pili, ya tatu, ya sita, huku vidole vidogo vikimshika kifundo cha mguu kupitia kitambaa na kumbembeleza, na hakuitika, alimwomba Mungu kimoyomoyo na hakuitika, mpaka ikabaki ringi moja tu, na hapo pazia likatikisika kwa nguvu na sauti nyingine ikalia, kali, ya kuziba pumzi:

"Mama! Ni mimi, nimebanwa!"

"Naam, mwanangu!"

Alikwisha kuitika ndipo akakumbuka kwamba Bwana Mdogo alikuwa nyuma yake, mkono wake ndani ya mkono wa mwalimu.

Pazia lilianguka. Dirishani palikuwa na kioo na jua tu.

"Ametoka," mwalimu alisema, bila kumtazama.

Bwana Mdogo alifungua kinywa aseme neno. Akakifumba, akakifungua tena. Hakuna kilichotoka.

Mapazia yalichomwa, na madirisha yale sasa yako wazi. Mtoto akitaka maji hugonga kikombe mezani, na mama humletea. Lakini kuna alasiri ambazo, wamekaa wanatazamana, midomo ya mtoto imefumbwa, mama huisikia sauti yake nje ya dirisha ikiomba maji kwa adabu, kama alivyofundishwa.

Mtoto naye huisikia. Humtazama mama usoni, akingoja aitike.