Msomaji Mmoja Aliyenikosoa Mlio wa Panga

"Nani alikwambia?!"

Panga lilikuwa shingoni kwangu. La baridi. Ubapa una kutu, makali yanang'aa.

Wajukuu zangu, ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Nimekaa uwani kwangu hapa Kasansa, ungo wa mchele mapajani. Sina kosa lolote.

Naam... labda moja dogo.

"Bibi Hilaria, nakuuliza mara ya mwisho! Nani alikwambia Yotham yuko chini ya pumba?!"

Huyo ni Lyamba, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Yotham ni mdogo wake. Kijiji kizima tulijua Yotham kaenda Mishamo kununua maharage, mwezi wa pili huo hajarudi.

Na mimi sikuambiwa na mtu. Nilibuni!

Nyie mnaoniulizaga inbox, "Bibi, hadithi unatoa wapi?" leo nawaambia ukweli. Natoa kwenye kisirani.

Lyamba alininyima pumba. Miaka yote wanawake tunazoa pumba bure nyuma ya mashine yake, za kuchomea matofali. Mimi nilitaka za matofali ya choo changu. Ghafla akaanza kutufukuza na fimbo! Mariana, mke wa Yotham, shemeji yake kabisa, alimchapa mgongoni mpaka gauni likachanika.

Nikasema haya. Wewe umeninyima pumba, mimi nakufanya muuaji.

Wengine wakikasirika wanaenda kwa mganga. Mimi nina darasa la saba na simu yenye kioo kilichopasuka. Naandika.

Nikambadilisha jina, nikamwongezea kitambi. Nikasema kamuua mdogo wake kwa nyundo, akamfukia kwenye lile lundo la pumba linalofuka moshi kutwa. Sehemu nane zikaenda kwenye kundi letu la Watsapu. Watu mia mbili na kitu, wote wananiita malkia.

Isipokuwa mmoja.

Maximilian, mwenye bucha hapa senta. Kila sehemu lazima anikosoe.

"Bibi, panga likiingia kwenye nyama halilii PAAA! Ushawahi kukata nyama wewe?"

Nilimchukia! Nilishamuua kwenye hadithi mbili. Moja alikanyagwa na kiboko.

Haya, turudi uwani.

Mimi naandika kwa mdomo. Simu inarekodi, natuma voisi, basi. Siku hiyo nilikuwa katikati ya sehemu ya tisa, simu imelala juu ya mchele inarekodi. Lyamba hakuiona.

"Nilibuni, baba. Haki ya Mungu!"

"Mtu habuni lundo langu!"

"Hata nyundo nimebuni..."

"Haikuwa nyundo!" akafoka. "Ilikuwa shoka! Alitaka tugawane mashine ya baba!"



Msinihukumu, wajukuu zangu. Panga liko shingoni, mkojo unanitoka, na bado kitu ndani yangu kikasema: shoka! Shoka lingependeza zaidi, kwa nini sikulifikiria?

Ndiyo maradhi ya kazi hii. Unakufa huku unarekebisha.

Akanyanyua panga. Nikajikinga na mkono wa kushoto.

Tpu.

Basi. Hivyo tu. Vidole viwili vikaanguka kwenye mchele kama vya mtu mwingine. Maumivu yakachelewa kidogo, yakaja yote kwa pamoja.

Nikaangukia ungo. Kidole gumba cha kulia kikabonyeza kutuma.

Kisha nikapiga yowe la kufa!

Jirani yangu Nyanzala akanijibu ng'ambo ya ua:

"Bibi, punguza sauti! Mtoto ndo kwanza kalala!"

Kosa langu. Nikirekodi huwa napiga mayowe ya wahusika wote, wanaume kwa wanawake.

"Nyanzala, nakufa kweli!"

"Hata juzi ulikufa kweli!"

Lyamba akacheka. Nakwambia alicheka! Akanikanyaga kifuani, ubavu ukaitika.

Simu ikaanza. Ting! Ting! Ting! Nikasoma kwa jicho moja, lingine limejaa damu.

"Bibi leo umeuaaa!!!"

"Huyo muuaji kaigiza nani? Apewe soda!"

"Tunaomba sehemu ya kumi!"

Watu mia mbili wananipigia makofi huku nachinjwa.

Nikachota mchele na damu yake, nikamtupia machoni. Alipojipangusa, mkono wangu mzima ukaupata mchi. Nikampiga nao gotini. Goti likapindia upande ambao magoti hayapindii.

Akaanguka akinguruma. Nikatambaa kuelekea getini. Akanidaka kifundo cha mguu, akanivuta kama mbuzi wa Krismasi. Panga likashuka kwenye shavu la mguu.

Tpu.

Nikaanza Salamu Maria. Nikasahau katikati.

Hapo pikipiki ikaangusha geti langu la bati!

Maximilian. Aproni imelowa damu ya ng'ombe, mkononi shoka la kukatia mifupa.

 Akampiga Lyamba mkono wa panga kwa kisogo cha shoka. Mfupa ukavunjika kama muwa. Akampiga la pili kwenye taya, meno yakaruka mpaka kwenye mchele wangu. Akanyanyua la tatu, safari hii makali mbele...

"Max! Acha! Huyo ana maneno ya kusema polisi!"

Akashusha shoka.  Akavua aproni, akanifunga mkono.

Nyanzala ndo anatokea sasa, mtoto mgongoni, macho yamemtoka.

"Bibi... kumbe?"

"Kumbe," nikamjibu.

Nikamgeukia Max. "Wote wamedhani hadithi. Wewe ulijuaje?"

"Nilikuwa nakata paja, nasikiliza voisi yako. Nikausikia ule mlio. Nausikia kila siku kwenye gogo langu."  "Bibi, miaka mitatu nakusikiliza. Hujawahi kuupatia. Ulipoupatia nikajua hii hujaitunga wewe."

Polisi walichimbua lundo siku mbili, moshi unawatoa machozi. Wakatoa mifupa, kichwa cha shoka, na kifungo cha mkanda. Mariana akakitambua kile kifungo. Hakulia. Akauliza tu:

"Kwa hiyo siku ile nazoa pumba, nilikuwa juu yake?"

 

Hospitali kule Mpanda, askari akakaa kitandani pangu na daftari.

"Bibi, nani alikwambia?"

Swali lilelile la Lyamba! Nikafikiri mpaka dripu ikaisha. Mtu ametoa pumba bure miaka kumi na mbili. Kitu ambacho hata panya hakitaki. Ghafla anakilinda na fimbo?

Nilijidanganya kwamba ni kisirani. Kumbe macho yalishaona, akili ndo ilikuwa inachelewa.

"Andika, Lyamba mwenyewe," nikasema. "Aliponinyima pumba."

Haya, wajukuu zangu mnaotaka kuandika. Wanaowasifu ni watamu, wapendeni. Mimi wangenisifu mpaka kaburini, na matanga wangeyaita sehemu ya mwisho. Ila yule anayekuudhi kila siku, anayesema hapa umedanganya... huyo ndiye anayekusikiliza kweli. Msimfukuze kwenye kundi.

Vidole vilivyoenda ni vya kushoto. Havikuwa vinaandika chochote.

Hii nimemsomea Max kabla ya kuituma. Amesikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Iko sawa, Bibi. Ila mfupa hauvunjiki kama muwa."

Sirekebishi ng'o!

Lakini zile hadithi mbili nilizomuua, jana nimezifungua tena. Nimemfufua zote mbili. Na yule kiboko nimempeleka mtoni kwake.