Mazoezi ya Ijumaa

Nyumbani kwetu asubuhi ilianza kwa kelele. Mama aliita kutoka jikoni, mimi niliitikia kutoka bafuni, na kaka alitupigia kelele sote tunyamaze. Shuleni waliniita Tarumbeta, na mwalimu wa kwaya alinichagua kuongoza wimbo kwenye mashindano. Kisha sauti ikakauka. Kwa miezi miwili nilitoa mkwaruzo tu.

Daktari wa koo aliona vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, akanituma kwa mtaalamu wa tiba ya sauti. Nilitarajia dawa. Yeye akanipa glasi ya maji na mrija!

“Tia mrija majini, uvume ndani yake taratibu mpaka mapovu yatoke. Dakika tano, mara nne kwa siku. Ukimaliza, tia alama kwenye daftari hili. Kupayuka marufuku. Hata kunong'ona kunachosha koo.”

Nilikasirika. Msichana mzima nichezee mapovu? Mrija niliutupa kabatini, nikaendelea kumwitikia mama kwa kupayuka. Siku ya kurudi, nikiwa kwenye foleni, nilijaza alama harakaharaka, ukurasa mzima.

Mtaalamu alinirekodi nikisema “aaa”, akasikiliza, akakunja uso. Akafungua daftari.

“Leo siku gani?”

“Jumatano.”

“Mbona mazoezi ya Ijumaa umeshayafanya?”

Nilitamani ardhi inimeze. Mama, aliyeketi kando yangu, alifura.

“Naomba ruhusa kazini kila mara kwa ajili yako, kumbe unatuchezea shere! Njia ya mwongo ni fupi!”

“Na wewe mama,” mtaalamu alimkatiza, naye amekasirika, “ukiwa jikoni, huyu unamwitaje?”

Mama akanywea.

Mashindanoni wimbo uliongozwa na jirani yangu wa dawati. Nilikaa kwa watazamaji nikilia kwa hasira. Yeye hakunikosea lolote. Niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Kesho yake niliutoa mrija kabatini, na mama, akiwa bado amenuna, alikuja mpaka mlangoni kuniita.

Baada ya wiki nane mtaalamu alinirekodi tena. Sauti ilitoka safi, bila mkwaruzo. Alifungua daftari, akagusa nafasi mbili tupu.

“Hapa je?”

“Nilisahau,” nikajibu. “Sikufanya.”

Kwa mara ya kwanza alitabasamu.

“Nafasi hizi mbili zimenifurahisha kuliko alama zote. Mimi ni rahisi kunidanganya, mwanangu. Lakini koo lako halisomi daftari. Linajua ulichofanya tu.”