Gamba la Nyanya Kwamboka

Kila jioni, mwaka ule wa 1949, Nyanchera alishuka kijitoni kuteka maji. Njia ilipita kando ya mteremko ulio nyuma ya migomba yao, na hapo ndipo moyo ulipomchoma. Nyanya yake Kwamboka, mwenye mvi kichwa kizima, aliketi juu ya gamba la mgomba na kuteleza mpaka chini, akipiga kelele za furaha. Na nani alikuwa nyuma yake, amemshika kiuno? Mokeira, mtoto wa jirani!

"Nishike vizuri, mke mwenzangu!" nyanya alimwambia.

Lo! Hata jina hilo! Nyanya wa Kisii huwatania wajukuu wao wa kike hivyo, kana kwamba wote ni wake wa babu, na mjukuu alikuwa Nyanchera. Wivu ulimpanda. Baba hangeweza kucheza naye, kwani kwa desturi yao baba na mtoto huoneana haya. Mtu mzima wa kucheza naye alikuwa nyanya tu, na sasa amechukuliwa.

Kesho yake, nyanya akiwa bado shambani, Nyanchera alichukua panga, akalikatakata lile gamba na kumtupia ng'ombe.

Nyanya alipofika na Mokeira, alitazama huku na huku. "Jamani, nani amekula gari langu?"

"Ng'ombe! Nami ndiye niliyempa," Nyanchera alifoka, machozi yakimtoka. "Mpende huyo Mokeira wako!"

Nyanya hakumkaripia. "Ulipokuja hapa na wenzako wa shule ya misheni, uliniambiaje?"

Nyanchera aliinamisha kichwa. Alikuwa amesema, "Nyanya, acha utoto, unaniaibisha!"

"Basi nikakuacha na ukubwa wako," nyanya alisema. "Lakini sikuacha kucheza. Tangu alfajiri napalilia wimbi, mgongo unauma. Nikiteleza hapa nacheka, na kesho napata nguvu ya kulima tena. Kua, mjukuu wangu, lakini usiuone mchezo kuwa aibu. Na ukinitaka, niite. Usimharibie mwenzako."

"Nisamehe, nyanya. Nawe pia, Mokeira."

"Haya, kakate gamba jingine. Refu, la watu watatu!"

Nyanchera alikimbia. Muda si muda, Mokeira alikuwa mbele, nyanya katikati, na Nyanchera nyuma. Kule juu uani, baba yake alijificha uso kwa kofia, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nishike vizuri, mke mwenzangu!" nyanya alisema, na safari hii aligeuka nyuma.