Sura Iliyosuguliwa

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa mdogo wangu kuchukua kopo la sarafu za kale za marehemu baba. Mnunuzi angekuja asubuhi yake. Fedha za mauzo hayo zilikuwa za kutibu macho ya mama: mtoto wa jicho alikuwa amemziba yote mawili, na daktari alishaonya kwamba tukichelewa zaidi, basi tena. Mama mwenyewe alikuwa na ombi moja tu, aione tena sura ya kitinda mimba wake.

Kitinda mimba huyo ndiye huyo mdogo wangu. Ni fundi rangi wa magari, mtaani wanamwita Msasa.

Nikiwa bado uani, nikasikia sauti.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Halafu ikaja harufu ya ndimu na majivu. Nilielewa kabla hata sijafungua mlango. Hasira ikanipanda hadi utosini.

Msasa alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, waya wa kusugulia masufuria mkononi. Juu ya taulo, sarafu za baba zilimeremeta kama vifuniko vya soda.

"Dada, njoo uone," akasema huku anatabasamu. "Zilikuwa zimechakaa, aibu tupu. Gari chafu utamuuzia nani?"

"Wewe una akili kweli? Baba alikuwa anazishika wapi?"

"Pembeni, kwenye ukingo."

"Kwa nini?"

Akautazama waya mkononi.

Baba alitufundisha sote, ila mwenzangu alikuwa anachezea simu. Sarafu ya kale haisafishwi. Ule weusi si uchafu, ni ngozi yake. Huota polepole, mwaka baada ya mwaka, na ndio mnunuzi anaoutazama kwanza. Ukiusugua umeichuna, na mikwaruzo ya waya haifutiki tena. Nikaokota moja. Pua ya mfalme aliyechongwa juu yake ilikuwa imekwisha, macho yamekwisha, kimebaki kiduara kinachong'aa.

"Umempofusha mama kwa mikono yako," nikamwambia. Sikujuta kusema hivyo, na hadi leo sijuti.

Mlango ukagongwa.

Taratibu... kwa kitu kigumu, kama ukucha wa chuma.

Aliingia mtu bila kukaribishwa. Alinuka kama kiganja kilichofumbata sarafu kutwa nzima, kwenye jasho. Nilimtazama usoni, naapa nilimtazama, lakini sikuona kitu cha kukumbuka. Palikuwa na mahali pa uso tu.

"Maji," akanong'ona. "Mmeyamwaga wapi?"

Msasa akanyoosha kidole kwenye shimo la maji machafu uani. "Nilishayamwaga... mzee."

"Miaka yote hiyo nimeivaa sura ile." Hakupaza sauti, lakini alikuwa na hasira kuliko mimi. "Baba yenu alijua. Hakuwahi kunigusa usoni."

Taa ikazimika.

Kwaru...

"Dada..."

Kwaru... kwaru...

Nilirusha ngumi gizani, nikapiga hewa. Nikatukana matusi yote ninayoyajua. Taa iliporudi, yule mtu hakuwepo. Sarafu zilikuwa nyeusi tena juu ya taulo, weusi wake ule ule wa zamani, bila mkwaruzo hata mmoja. Mdogo wangu alikuwa ameketi sakafuni, ananitazama kwa uso nisioujua. Ulikuwa mzuri, laini, unang'aa. Ungeweza kuwa wa mtu yeyote.

Asubuhi mnunuzi alizishika pembeni, moja moja, lenzi jichoni.

"Hazijaguswa kabisa," akasema, sauti inamtetemeka kwa furaha. "Ila mfalme huyu simjui. Kijana mdogo, ana kovu kidevuni. Halafu kama anataka kucheka."

Kovu lile Msasa alilipata utotoni, kwa kuanguka ngazini. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Nikavuta taulo, nikazifunika.

"Haziuzwi."

"Muuzie, dada," Msasa akasema kwa sauti ya chini nyuma yangu. "Mama aone."

Nilitaka kumzaba kibao. Maisha yake yote hatumii akili, halafu siku anayoamua kuitumia ndiyo hii. Nikauza. Baba alijuana vipi na yule mtu, hakuna wa kuniambia. Mganga niliyemfuata alisikiliza hadi nusu ya habari, akanirudishia ada yangu na kufunga mlango.

Siku ya kufunguliwa bandeji tulisimama wote wawili kando ya kitanda. Mama akanitazama, akacheka, akasema nimezeeka. Kisha akamtazama Msasa. Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni wa watu.

"Shikamoo, mama," Msasa akasema.

Mama akashtuka. Macho yake mapya yakamruka Msasa, yakaenda mlangoni, yakatafuta nyuma ya pazia, yakarudi kwangu yakiwa yamejaa machozi.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akitazama mlango. Kisha akanishika mkono. "Namsikia yuko hapo nje. Mbona hamtaki aingie?"