Kifurushi Kisicho na Mzazi

Kama uko mezani, sukuma sahani pembeni kwanza, maana habari hii haina adabu.

Ilianza na utelezi tu. Jumatatu asubuhi Marselina aliingia ofisini, akanyoosha mkono kupunguza muziki kwenye kompyuta ya kaka yake Clever, na vidole vikateleza juu ya kibodi. Akavinusa. Yai viza! Na wala si harufu peke yake. Ni ute wenyewe, mzito, umejaa katikati ya herufi.

"We Clever, umekula nini hapa? Mbona uchafu hivi, jamani?"

"Sijala kitu," Clever akajibu bila kugeuka. "Sina njaa siku hizi."

Clever akose njaa! Mtu ambaye mama yao, kule Mapinga, humfichia vitumbua ili na wageni wapate. Marselina akasonya, akachukua kitambaa akaanza kufuta.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili vya uani kwenye nyumba ya zamani pale Dunda. Ndugu hawa wawili walikuwa wakitengeneza programu za kompyuta, na wakati huo walikuwa na ya zahanati moja. Mwenye nyumba, Bi Ashatu, aliwapangisha kwa sharti moja. Kwenye stoo ya nyuma kulikuwa na sahani yake nyeupe, ina yai bichi, kipande cha halua na ubani. Alikuwa akiibadilisha mwenyewe kila Ijumaa, na hakutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Marselina aliitikia kwa heshima. Clever aliitikia kwa mdomo tu.

Jumamosi iliyotangulia, Marselina akiwa nyumbani anamsaidia mama kupika, Clever alimpigia simu anacheka. Alitaka kuweka betri za umeme stoo. "Sahani ya bibi naitoa, Lina. Nani anaitegemea? Hakuna. Futa." Akakata simu.

Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Na hapa inabidi nikueleze kidogo, usikimbie. Programu haiandikwi yote na mtu mmoja. Unachukua vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, na kifurushi kimoja kinaleta kingine, nacho kinaleta kingine, mpaka unakuta ukoo mzima umejaa kwenye mashine yako. Kujua nani kaletwa na nani, unauliza kwa alama. Nyota maana yake wote. Alama ya mkuki maana yake mtoto wa kuzaa mwenyewe. Ukiacha nafasi tupu badala ya mkuki, unaletewa mpaka wajukuu na vilembwe. Mzazi akifutwa, watoto wake wasio na mzazi mwingine wanafagiliwa pamoja naye. Na kifurushi kisicho na mzazi kabisa, Clever alikuwa hakiulizi mara mbili, anakifuta.

Basi wiki ile Clever akawa anafanya kazi kama amekodishwa. Hali, hanywi, haendi chooni. Nyumbani analala na viatu. Shingoni alitoka malengelenge yenye maji ya kijani, na kila Marselina akisema waende hospitali, yeye anatabasamu. Meno yalikuwa yameota ukungu. Wallahi, ukungu, kama mkate uliosahauliwa kabatini!

"Ni joto tu," Clever alisema, na funza mmoja mweupe akamdondoka kutoka kwenye mkono wa shati, akajikunja juu ya meza. Clever akambonyeza kwa kidole, akaendelea kuandika.

Marselina alitapikia kwenye ndoo ya taka. Alipofuta mdomo alijiambia kwamba labda kaka yake ana kidonda anakificha, na kwamba mama asijue. Mama yao alikuwa na ugonjwa wa moyo. Alishazika mume, akazika na watoto wengine wawili, na daktari alimwita Marselina pembeni akamwambia wazi kwamba moyo ule hautabeba msiba mwingine.

Mchana huo huo programu ya zahanati ikaanza kusuasua. Marselina akauliza kwenye mashine yake kwa alama, aone kilichoingia: nyota, kisha masharti, vyote visivyo na mzazi. Jibu likaja moja. Subiani.

Yeye ni binti wa Kikatoliki, wazazi wake walihamia kutoka bara, jina lile halikumwambia kitu. Watu huviita vifurushi majina ya ajabu ajabu. Hakina mzazi, hakuna aliyekileta. Akafanya kama alivyofundishwa. Akafuta.

Kwenye meza ya pili Clever alianguka kifudifudi juu ya kibodi. Hakulia wala hakujitetea kwa mikono. Mdomo ukafunguka, na kutoka humo kikamwagika kitu cheusi, kizito, chenye nyuzi, kikaenea mezani, kikashuka kwenye kiti, kikafika sakafuni mpaka kwenye kandambili za Marselina, na harufu iliyopanda ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko wa plastiki juani, ikamwingia puani na kinywani hata akahisi ameilamba, akapiga kelele, akaitikisa ile maiti, maana ilikuwa maiti, mtu hahitaji kusomea kulijua hilo, na wakati anaitikisa akaona kwenye kioo cha mashine yake lile jina linarudi lenyewe, herufi moja moja, na Clever akainua kichwa.

"Usirudie," akasema, na kulamba kidevu.

Marselina alitoka mbio mpaka barazani kwa Bi Ashatu, akasahau hata shikamoo. Alipotamka lile jina, bibi aliacha kusuka ukili.

"Ewe mwanangu! Mmeigusa sahani?"

"Kaka ameitoa, bibi. Nisamehe. Kaka ameitoa."

"Yule ni jini wa babu yangu. Tunamlisha akae. Sasa ameingia kwa kaka yako, kamfanya kiti, anamkalia." Bi Ashatu akajitanda kanga. "Nenda kamwite Mwinyijuma, fundi wa majini. Upesi, kabla hajamzoea."

Mzee Mwinyijuma alikuja na chetezo na ubani wake, mtu mfupi mwenye kikohozi. Alipofika mlangoni alijiziba pua kwa kanzu, akasimama kidogo. Majini ameyatoa mengi, lakini harufu hii ilimkunja uso. Akafukiza chumba mpaka macho yakawawasha wote, akamfunika Clever shuka jeupe. Shuka likaanza kulowa madoa ya manjano.

"Nani wewe?" Mwinyijuma akauliza kwa upole, kama mtu anayemsalimu mgeni.

"Subiani."

"Umekuja kwa nini kwenye kiti cha watu? Taja unachotaka tukupe, ushuke."

Kicheko kilichotoka chini ya shuka kilikuwa cha maji maji. "Kiti gani, fundi? Sijakaa juu ya mtu mimi. Binti ana chombo chake pale. Ameuliza nani kanileta mimi. Mwambie aulize mimi nimemleta nani."

Mwinyijuma akamtazama Marselina. Hakuelewa. Marselina alielewa, na alitamani asingeelewa. Akasogea kwenye mashine yake, akaandika jina la Subiani, kisha mkuki, kisha nyota. Mtoto mmoja. Clever. Akauliza kinyume, kwa mikono inayoteleza kwa jasho: mzazi mwingine yeyote wa Clever, wa karibu au wa mbali, popote. Kioo kikabaki kitupu. Akauliza tena. Kitupu.

"Alipoinua sahani," sauti ikasema taratibu, "mkono wake wa pili ulikuwa kwenye waya wa umeme. Akafa pale pale, mdomo wazi, na sahani yangu imepasuka. Nilikuwa na njaa, naye alikuwa mtupu. Nikamwinua. Anatembea kwa sababu mimi natembea. Nikiondoka, mnamwokota kwa koleo."

Bi Ashatu akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona. Mwinyijuma akamvuta Marselina karibu na mlango.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi huyu namtoa, sasa hivi, hanishindi. Lakini mimi natoa jini, sirudishi mtu. Nikimaliza kisomo utakuwa na maiti ya siku nyingi. Mzike, umpumzishe. Hivi ilivyo ni haramu kwenu na kwetu."

"Na nikisema usimtoe?"

"Ataendelea kuoza. Na utamlisha wewe."

Simu ya Marselina ikalia mezani. Mama. Marselina akapokea.

"Lina, mbona kimya leo? Mwambie kaka yako nimechinja yule jogoo. Siku zote hizi hali, nimemkosea nini?"

Marselina akatazama shuka. Lilikuwa linapanda na kushuka, kwa subira.

"Tunakuja, mama," akasema. "Wote wawili."

Mwinyijuma akaokota chetezo chake. Alimwaga makaa ya chetezo uani, akayamwagia maji, akaondoka bila kuaga.

Jioni Marselina alimwogesha kaka yake kwenye ndoo, akamchokonoa funza kwa kibanio cha nyusi, akampaka marashi ya Bi Ashatu chupa nzima, akamvalisha shati la kanisani lenye mikono mirefu. Mama aliwapokea mlangoni kwa vigelegele. Alimkumbatia Clever, akambusu shavuni, akapangusa midomo na kusema mwanangu umelowa jasho, pita ndani ule. Alimpakulia paja na firigisi, akakaa mbele yake anamtazama kwa furaha, na Clever akala, akatafuna na mifupa.

Kabla ya hapo walishikana mikono mezani wakasali, kama kawaida ya nyumba ile. Marselina alishika kiganja cha kaka yake. Walipoachiana, ngozi ya kiganja kile ikabaki mkononi mwake nzima, laini, pamoja na kucha. Mama alikuwa bado amefumba macho anamshukuru Mungu kwa wanawe. Marselina akaikunja ile ngozi kwenye leso, akaiweka mapajani.

"Amina," akasema.