Mkutano wa Tabia

Dada mmoja aliyeitwa Fundi alishona na baba yake katika chumba kimoja chenye paa la bati. Yeye aliendesha cherehani. Baba, fundi wa zamani, alikaa pembeni akishona matundu ya vifungo kwa mkono. Watu walileta mashati kutoka mitaa ya mbali kwa ajili ya matundu yale tu.

Asubuhi moja gari la matangazo lilipita.

"Njooni kesho kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi!"

Fundi alisimamisha cherehani. "Umesikia, Baba? Tabia za nchi zimebadilika. Wanatuita tukasemwe."

"Labda ni zile suruali za vijana," alisema Baba. "Zile zilizochanika magotini."

"Wamezinunua zimechanika! Mimi nina kesi gani?"

Walicheka mpaka Baba akaangusha sindano. Jirani yao, muuza maziwa, alipopita kuuliza kama wataenda, Fundi alimjibu, "Kaa na maziwa yako, ndugu yangu. Aende mwenye tabia mbaya." Muuza maziwa naye hakwenda.

Baada ya siku nne joto likaja. Halikuwa joto la kawaida. Bati lilialika juu ya vichwa vyao. Fundi alikuwa na sare nyeupe za shule za kumaliza, kwa hiyo alifunga dirisha vumbi lisiingie. Pasi ya mkaa iliwaka mle mle ndani.

"Mwanangu, leo chumba kimekuwa tanuri," alisema Baba.

Fundi hakuinua kichwa. "Vumilia kidogo, Baba. Namalizia kola."

Maneno hayo yanamchoma mpaka leo.

Saa nane mchana Baba alianza kuongea ovyo. Alimwita Fundi kwa jina la mkewe aliyefariki. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto. Fundi alipiga kelele. Muuza maziwa alimkimbilia afisa wa afya wa mtaa, ambaye wote walimwita Bwana Afya. Walimtoa Baba nje, wakamlaza kivulini, wakamlowesha maji mwili mzima, wakampepea, kisha wakamkimbiza hospitali.

Baba alipona. Lakini alirudi nyumbani mikono ikitetemeka. Daktari alisema joto kali limemdhuru ubongo, na huenda mikono isirudi kama zamani.

Bwana Afya alikuja kumjulia hali. Fundi alimpa kiti, akashindwa kumtazama usoni.

"Ule mkutano," alisema, "mimi nilidhani ni wa tabia."

"Tabianchi, dada yangu. Ni jinsi jua, mvua na baridi vinavyokwenda, miaka nenda miaka rudi. Sasa vinabadilika. Dunia inazidi kupata joto." Bwana Afya alishusha pumzi. "Sisi pia tulikosea. Tulitumia neno la vitabuni. Tungesema tu: joto kali linakuja, waangalieni wazee."

"Ni lile tundu la angani nililosikia redioni?"

"Wengi wanachanganya. Tundu lile liko kwenye ozoni, tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua; ni jambo jingine. Joto hili linatokana zaidi na gesi. Tunachoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Gesi zake zinaifunika dunia kama blanketi, na kila mwaka blanketi linakuwa zito zaidi."

"Basi na pasi yangu imo."

"Pasi yako ni tone tu. Nchi tajiri zenye viwanda na magari mengi ndizo zilizochangia zaidi. Lakini hewa haina mpaka. Nchi moja haiwezi kulipunguza blanketi peke yake. Ndiyo maana zinakutana."

"Zinakutana kunywa chai!"

"Chai wanakunywa, na kwenye kutenda wanachelewa. Sisi ndio tunaoumia. Lakini lile tundu lako linaziba polepole, kwa sababu nchi zote zilikubaliana kuacha gesi zilizolisababisha. Hata habari ya joto la juzi ilitokana na vipimo vya nchi nyingi. Zinapeana. Ndivyo ilivyofika kwenye gari letu."

"Ikafika mpaka dirishani kwangu," alisema Fundi. "Nikaicheka." Kisha akalia.

Wiki ile walipaka bati rangi nyeupe. Waliweka dari ya magunia na kutoboa dirisha la pili. Pasi ilihamia nje. Mchana wa joto kali Fundi hashoni tena, na mtungi wa maji haukauki karibu na Baba.

Joto la pili lilipotabiriwa, Fundi mwenyewe alipanda gari la matangazo. "Joto kali linakuja kesho kutwa!" alitangaza. "Fungueni madirisha! Wapeni wazee maji! Wakae kivulini!" Muuza maziwa alipita mlango kwa mlango. Safari hii hakuna mtu wa mtaa ule aliyebebwa kwenda hospitali.

Siku moja mteja alileta shati. "Matundu atashona mzee, sivyo?"

"Siku hizi nashona mimi," alisema Fundi.

Baba alilitazama tundu la kwanza. "Limekaa upande."

"Nionyeshe, Baba."

Baba aliinua mkono kuipokea sindano. Mkono ulitetemeka. Akaurudisha mapajani.

"Anzia chini," alisema taratibu. "Uzi usiuvute sana."

Fundi alifumua, akaanza upya. Hakuinua kichwa, Baba asije akayaona machozi yake.