Abiria wa Kiti cha Nyuma

Siku ya kwanza gari lilipokataa kuwaka, fundi hakushtuka. Gari la miaka ishirini na mitatu lina haki ya kuchoka. Alizungusha ufunguo, stata ikaizungusha injini vizuri, lakini moto haukushika. Akatulia, akajaribu tena, likawaka kana kwamba halikuwa limegoma. Kilichomkera ni kitu kidogo: mara ile ya kwanza hakusikia pampu.

Magari ya aina ile, ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, pampu ya mafuta hulia vuuu kwa sekunde mbili, kisha hunyamaza. Pampu yenyewe imo ndani ya tanki, chini ya kiti cha nyuma. Watu wengi hawausikii mlio huo. Yeye aliusikia daima, na ndiyo maana gereji nzima ilimwita Sikio. Wenzake walimtania kwamba hata nati ikikohoa, yeye huitikia pole.

Angekuwa mtu mwingine, angelisukuma gari siku likigoma na maisha yangeendelea. Lakini Sikio alikuwa na binti wa pekee, mwenye miaka saba na pumu kali. Kifua chake kilipobana kililia kama njiwa, na Njiwa likawa ndilo jina lake nyumbani. Daktari alikuwa amewaambia wazazi waziwazi: likija shambulio jingine kubwa, wasingoje dawa ya kuvuta ifanye kazi, wamkimbize hospitali. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, na gari lilikuwa hilo moja.

Kwa hiyo Sikio alianza kulitafuta kosa kama anavyotafuta mtu aliyepoteza pete mchangani. Akapima betri. Akasugua nyaya za ardhi mpaka zikang'aa. Akabadilisha plagi na kihisi cha injini. Kila alipomaliza, gari liliwaka mara kumi mfululizo, naye akanawa mikono. Kesho yake likagoma. Kosa la kuja na kwenda ni kama mwizi mwenye adabu; ukimvizia haji.

Akanunua daftari. Akaandika kila safari: joto la injini, mvua, mafuta yaliyokuwemo, nani alipanda. Baada ya wiki tatu alikaa mezani akalisoma, na mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akamwona anaacha kupepesa macho. Alipokuwa peke yake, gari halikugoma hata mara moja. Akiwa na mkewe pale mbele, halikugoma. Liligoma mara sita tu, na mara zote sita Njiwa alikuwa kiti cha nyuma.

Mkewe aliweka nguo chini. Kisha akamwambia kwamba mtoto siku hizi hujibana mlangoni, na akiulizwa husema bibi amejaa kitini. Yeye alidhani ni mchezo.

"Na ile harufu umeisikia?" akanong'ona. "Dawa ya kuchua na blanketi bichi. Nimefua vitambaa vya viti mara mbili, Baba Njiwa. Haitoki."

Hapo Sikio akakumbuka jambo alilokuwa amelisukuma nyuma ya kichwa. Siku chache kabla gari halijaanza kugoma, rilei yake ilikuwa imekufa. Rilei ni kisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti, kinachopeleka umeme kwenye pampu. Alipata nyingine kwenye uwanja wa vyuma chakavu, katika mkweche mmoja ambamo ilisemekana mtu amefia. Na mafundi wa pale walikuwa na desturi yao, ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha wengine: gari alimofia mtu halinyofolewi kitu kabla hujazima swichi na kusema, "Tumefika, shuka." Siku ile alikuta ufunguo umo na swichi haijazimwa. Mvua ilikuwa inaanza. Akajisemea, gari halina hata betri, nizime nini? Akachomoa rilei, akaondoka.

Asubuhi alikwenda uwanjani mbio. Muuza vyuma alimsikiliza huku akikwepa macho yake. Akamweleza kwamba mama mmoja mzee alifia kiti cha nyuma cha gari lile, mlangoni kwake, amefungwa blanketi tayari kwa hospitali, huku mwanawe akipiga stata mpaka betri ikakata roho. Sikio akaomba aonyeshwe mkweche ule, akazime swichi.

"Umechelewa, ndugu yangu," muuza vyuma akasema taratibu. "Jana limebanwa, likapelekwa tanuruni. Ufunguo ulikuwa humohumo."

Sikio akarudi nyumbani, akaichomoa rilei ile garini mwake, akaiponda kwa nyundo, akaweka mpya. Haikusaidia kitu. Yule abiria alikwisha kuhama.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa saba mchana, jua likiwa kali na majirani wako makazini, kifua cha Njiwa kilibana. Dawa ya kuvuta haikufua dafu. Mkewe alipiga simu ya teksi, akajibiwa nusu saa, naye akimtazama mtoto aliona midomo inageuka rangi, akajua kwamba nusu saa hiyo hawanayo. Kwa kihoro wakalisahau daftari, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama. Sikio akafungua swichi.

Pampu haikulia. Badala ya vuuu ya sekunde mbili ikaja kutoka chini ya kiti pumzi, pumzi ya mtu mzima anayevuta hewa na kuvuta na kuvuta bila kuishusha, nayo ikafuatana na ile ya mtoto, mtoto akivuta nayo inavuta, mpaka Sikio, aliyeweza kutofautisha beringi mbili zinazolia pamoja, hakuweza tena kujua ipi ni ya binti yake, na harufu ya dawa ya kuchua ikajaa garini mpaka machozi yakamtoka, na stata ikazunguka na kuzunguka na kuanza kulegea kama ilivyolegea ile ya mkweche mlangoni kwa yule mama mzee.

Akaondoa mkono kwenye ufunguo. Akaelewa kwamba betri ikiisha, yote yameisha.

Alimwambia mkewe aje mbele na mtoto, ampakate. Kiti cha nyuma kikabaki kitupu. Kisha akageuka, akakisemesha kama anavyosemeshwa mkwe.

"Shikamoo mama," akasema. "Nisamehe. Wewe ndiye wa kwanza. Nakupeleka."

Kiti kikabonyea polepole.

Vuuu. Sekunde mbili. Injini ikawaka.

Alipanda mlima ule bila kutazama kioo cha ndani hata mara moja. Mlangoni pa hospitali mkewe alitaka kushuka, lakini Sikio akamshika mkono. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma kwanza, akasimama kando huku kila sekunde ikimkata moyo. Akainama dirishani, akazima swichi. "Tumefika, mama. Shuka." Springi zikanyanyuka. Ndipo akambeba mtoto wake, akakimbia.

Wauguzi wakamwekea hewa. Kufikia alasiri midomo ilikuwa imerudi rangi yake, na daktari akasema dakika tano zaidi zingetosha kumpoteza. Mama mtu alilia mpaka akacheka. Sikio alitoka kulitazama gari: halikuwa na harufu yoyote. Akawasha, akazima, akawasha. Pampu ililia kila mara. Akarudi wodini mwepesi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Njiwa alisogeza kidogo barakoa ya hewa ili aweze kusema.

"Baba," akanong'ona, akitazama kitanda cha jirani, kilichokuwa kitupu na shuka lake limebonyea katikati. "Bibi amepona. Anauliza, nani atamrudisha nyumbani?"